Ndoo Yangu Iliyokwenda Kasansa

Siku mliponiaga, nyie wauguzi wa wodi ya wanawake, mlinipa kitenge, keki na ombi. Mkasema, Sista Skola, tuandikie jinsi ulivyofanya kazi, na sie tupate cha kujifunza. Nadhani mlitarajia nianzie kwenye vyeo. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, kama panya hawajavifikia. Mimi nitawaandikia habari ya wivu, kwa sababu ndio ulionifundisha sehemu ya mwisho ya kazi hii, wakati ambapo nilishajiona nimehitimu zamani.

Nilifika Mpanda nikiwa msichana, nimetoka Ufipa juu ya lori la mahindi, na sanduku langu la bati limejaa vumbi mpaka ndani ya viatu vyeupe vya kazi. Aliyenipokea wodini alikuwa Sista Yustina, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu. Hakuniuliza habari za safari. Alinisukumia rundo la gozi za kufungia vidonda akasema, "Kunja." Nikakunja mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akazikagua moja moja na kunirudishia karibu zote. Siku hizo gozi tulizikata wenyewe, tukazipanga kwenye kopo kubwa la chuma, zikapikwa kwa mvuke. Nyie mnachana pakiti tu. Siwaonei wivu kwa hilo, ingawa kidogo nawaonea.

Sista Yustina ndiye aliyenifundisha kumwandaa mama anayekwenda kutolewa kizazi. Kufunga kula, kuoga, kunyoa, mpira wa mkojo, ndugu wa kutoa damu ya akiba, hayo yote mnayajua. Fundisho lake mwenyewe lilikuwa la shanga.

"Shanga za kiunoni hazikatwi na mkasi," aliniambia. "Anafungua mwenyewe nyuma ya pazia, wewe unageukia ukutani. Unazifunga kwenye kitambaa na unamwonyesha unapoziweka. Akizinduka, unamrudishia hizo kwanza. Mengine baadaye."

Niliona ni mambo ya watu wazima tu ya kujipa kazi. Kisha nikamwona mama mmoja akizinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa, hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, mkono wake unapapasa kiunoni. Tangu hapo mkasi sikuugusa.

Wagonjwa walimpenda Sista Yustina, na mimi nilimwonea wivu ambao sikuuficha vizuri. Nikiingia na sindano waliniuliza yeye ana zamu lini. Alipostaafu na kurudi kwao, wagonjwa wakawa wangu, na sitawadanganya kwamba nilihuzunika sana. Kwa miaka mingi nikawa mimi ndiye anayeulizwa. Wanawake walitoka Mishamo, walitoka Karema, walitoka Inyonga, wakifika mlangoni wanasema, tumeelekezwa kwa Sista Skola. Muuguzi anaweza kuishi kwa maneno kama hayo muda mrefu sana.

Ndipo akaja Mama Minza.

Alitoka Kasansa, huko Mpimbwe, mke wa mfugaji wa Kisukuma ambaye wazee wake walihama na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye uvimbe kwenye kizazi uliomnyonya damu mpaka viganja vikawa vyeupe. Nilimwandaa kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamweleza kila kitu: akikohoa abane tumbo kwa mto, akiinuka ageukie ubavu kwanza, asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, asikutane na mumewe mpaka arudi kliniki. Akaitikia yote. Kizazi kikatolewa, kidonda kikafunga vizuri, akaruhusiwa huku anatabasamu.

Mwezi haukuisha. Alirudishwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha basi, homa inawaka, kidonda kimeachia na kinatoa usaha. Nikawaka na mimi.

"Si nilikwambia usinyanyue kitu kizito? Hukunisikia?"

"Nilikusikia, sista."

"Sasa?"

"Nyumbani hawajui nilichotolewa. Niliwaambia ni kidole tumbo. Wa kidole tumbo anachota maji, sista."

Naomba hapo msimame kidogo, maana ni kosa ambalo wodi yetu ililifanya kwa miaka bila kulijua. Mwanamke wa huku akitolewa kizazi anaogopa kuitwa mtu mtupu. Anaogopa mumewe atatafuta mwingine na mama mkwe ataona sawa. Kwa hiyo anarudi nyumbani na upasuaji usio wake. Na watu wa nyumbani si wabaya. Wanamtendea aliyetolewa kidole tumbo kama mtu aliyetolewa kidole tumbo. Wanampa siku chache za uji, kisha wanatazama pipa la maji. Sisi tulikuwa tunatoa maelekezo yetu ya wiki sita kana kwamba mgonjwa anakwenda kuishi peke yake kwenye nyumba yenye bomba na mtumishi. Vidonda vikirudi vimeachia, tunasema mgonjwa hakufuata masharti.

Safari hiyo Mama Minza alikaa nasi muda mrefu. Nilimwosha kidonda kila siku mpaka nyama nyekundu ikaanza kupanda kutoka chini, na nyie mnaojua kazi mnajua furaha ya kuiona nyama ile. Aliporuhusiwa nilidhani tumemalizana.

Ikapita miezi. Siku moja natoka wodini namkuta kwenye benchi la nje, kanga mpya, amekaa na mama mmoja aliyekuwa anasubiri upasuaji. Nikafikiri ni ndugu yake. Walikuwa wamejuana asubuhi ile ile.

Akawa anakuja na basi kila siku za kliniki zilipokaribia. Hakuwa na kitambulisho wala fulana yenye maandishi. Alikaa kwenye benchi, akawasalimu akina mama, akawafungulia kanga kidogo waone kovu. Kisha anamwuliza kila mmoja nyumbani atasema nini. Kama mama anataka kuficha, hakumlazimisha aseme. Alimtaka achague mtu mmoja tu wa kuambiwa ukweli, dada au jirani au binti mkubwa, mmoja basi. Na siku ya kuruhusiwa alikwenda naye nyumbani, au alimtuma mwenzao aliyepasuliwa zamani na anayekaa karibu, na huko kazi yake ilikuwa moja. Alichukua ndoo.

Ndoo ile ya yule mama ya kuchotea maji iliondoka kabisa pale nyumbani, ikakae kwa mwenzake mpaka wiki sita ziishe. Wakiuliza wanaambiwa imeazimwa msibani. Nyie mnajua kwetu ndoo ikienda msibani hairudi upesi, na hakuna mtu mwenye adabu anayegombania ndoo ya msiba. Yule aliyeambiwa ukweli ndiye anayeleta maji kimya kimya. Wiki zikiisha, ndoo inarudi imejaa maji, kichwani kwa mwenzake, na mwenyewe anayaogea maji hayo. Kuanzia hapo na yeye anadaiwa kuchukua ndoo ya mwingine.

Vidonda vya kuachia vikapungua. Daktari akafurahi. Mkubwa wa hospitali akaja wodini kumpa mkono Mama Minza. Mimi nilinuna.

Nasema wazi, nilinuna. Mambo yote aliyokuwa anawaambia wale akina mama, mto wa kubana tumbo, kugeukia ubavu, gesi inayouma kuliko kidonda, kilio kinachokuja bila sababu siku ya tatu, aliyapata kwangu. Mimi nikiyasema yaliitwa masharti. Yeye akiyasema yaliitwa habari, na watu walisogeza viti. Nikiingia na dawa, maongezi yanakatika, wananitazama kama mwalimu aliyekuta darasa linacheka. Ikafika siku mama kutoka Karema akasimama mlangoni na mzigo wake kichwani, nikajiweka sawa kumpokea, akasema, "Samahani sista, nimeelekezwa kwa Mama Minza."

Daktari mmoja kijana akanifariji kwa methali. Akasema, si unajua sista, kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Nikamjibu kwamba katika wodi yangu kunguni hawakuwepo. Wiki hiyo hiyo nikaamuru benchi la nje liondolewe likapakwe rangi. Lilikaa stoo muda mrefu kuliko rangi yoyote inavyohitaji kukauka. Mama Minza akatandika kanga sakafuni, na akina mama wakakaa naye hapo hapo.

Kisha zamu yangu ikafika.

Nilikuwa nimekoma hedhi zamani. Asubuhi moja, najiandaa kwenda kazini, nikaona damu. Nyie mnajua ninachowaambia wanawake kila siku: damu ikirudi baada ya kukoma, usiulize majirani, njoo. Mimi nilifunga kitambaa nikaenda zamu. Damu ikakata, nikashukuru, ikarudi, nikaacha kushukuru. Kisu sikukiogopa, nimeshika vyombo vyake miaka yote. Nilichoogopa ni lile benchi. Niliona jinsi nitakavyokaa pale, kwenye kanga iliyochukua nafasi yake, na Mama Minza ananigeukia na ile sauti yake ya polepole, ananiambia habari ya mto.

Mwishowe niligeuka mweupe mpaka daktari akaniona mwenyewe. Kikachukuliwa kipande cha nyama, kikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yaliporudi, daktari alifunga mlango.

"Chembe za ukuta wa kizazi zimeanza kubadilika, sista. Haijawa saratani, lakini iko njiani. Kizazi kitoke kabla haijafika."

"Na kama imeshafika?"

"Tutajua tukikipima chote kikishatoka. Siwezi kukuahidi."

Nikamwambia anipe rufaa niende Mbeya. Akashangaa. "Mbeya kufanya nini, na bingwa wetu yupo hapa?" Nikasema hewa ya Mbeya ni nzuri. Akaandika tarehe ya hapa hapa.

Mume wangu alishafariki. Binti yangu yuko Dodoma na wakati huo alikuwa amejifungua juzi tu, nikamzuia asije. Majirani wa Nsemulwa, mtaa ninaokaa hapa Mpanda, niliwaambia naenda likizo Sumbawanga. Mnaona? Muuguzi mzima, mwenye kuwagombeza wenzake miaka yote, na mimi nilikuwa na kidole tumbo changu, na kilikuwa Sumbawanga.

Nikalazwa kwenye wodi yangu mwenyewe, kitanda cha karibu na dirisha ambacho nilikuwa nawapa wale ninaowapenda. Mchana Mama Minza akaingia. Hakuonyesha kushangaa. Alivuta kiti, akanisalimu kwa heshima zote za Kisukuma, akakunja mikono.

"Ukikohoa, sista, ubane tumbo kwa mto."

"Hayo nilikufundisha mimi," nikamwambia.

"Ndiyo, sista. Nakurudishia."

Akaendelea, yote, bila kuruka hata moja, kwa maneno yangu mwenyewe ambayo kwake yalikuwa yamelainika kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Na mimi niliyekuwa nayajua yote niligundua kwamba nasikiliza. Nilikasirika kwa sababu yalinisaidia.

Asubuhi ya upasuaji alikuja mmoja wenu kuniandaa. Sitamtaja, mwenyewe anajijua. Alipofika kwenye kiuno akasita, maana hakutegemea kwamba sista mjane mwenye mvi naye amevaa shanga. Akageuka akachukua mkasi.

"Hizo hazikatwi," Mama Minza akasema kutoka nyuma ya pazia. "Afungue mwenyewe. Wewe geukia ukutani, mwanangu."

Nikafungua shanga zangu, ambazo marehemu alininunulia nikiwa bado natembea kama msichana. Mama Minza akazifunga kwenye kitambaa na kunionyesha anapoziweka. Sista Yustina alinifundisha mimi. Mimi nilimfundisha Mama Minza bila kujua, siku ile nilipogeukia ukutani yeye akifungua za kwake. Nilipozinduka mkono wangu ulikuwa unapapasa, na kitambaa kikawekwa kwenye kiganja. Hata pale, na mdomo mkavu na kichwa kinazunguka, nilihisi wivu, kwa sababu kuweka kile kitambaa ilikuwa kazi yangu.

Gesi iliniuma kuliko kidonda, kama nilivyokuwa nasema miaka yote bila kujua nasema nini. Siku ya tatu nililia mbele ya sahani ya ndizi za kuchemsha, na mama wa kitanda cha jirani akanipigapiga mkono akisema, "Itapita, sista. Mama Minza kasema ni siku ya tatu." Niliposhuka kitandani mara ya kwanza nilikataa kushikwa, nikasimama wima kama askari, na nikarudi chini palepale. Mama Minza akaninyanyua kama mtoto. Kunyanyuliwa hivyo kulinichoma.

Akanipeleka nyumbani Nsemulwa kwa bajaji iliyokuwa inakwepa kila shimo kwa kuingia kwenye lingine. Mlangoni akauliza ni nani anajua.

"Hakuna."

"Mmoja basi, sista."

Nikamchagua Mama Deo, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuja, akasikiliza, akanitazama kuanzia kichwani. "Mie niliona tu Sumbawanga imekukondesha," akasema, na jioni akaleta maji bila kuulizwa tena. Mama Minza alikwenda jikoni, akachukua ndoo yangu ya njano yenye mfuniko, akatoka nayo. Kesho yake akarudi bila ndoo, na mfuko wa nguo zake, akasema atakaa nami wiki za mwanzo. Mpunga wake huko Kasansa mke mwenzake angeutazama.

Zile wiki zilikuwa ngumu, na sio kwa ajili ya kidonda. Mama Minza alifagia uwanja wangu mapema, akawasalimu wapita njia kwa majina ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siyajui. Majirani waliambiwa ni mdogo wangu. Walimwamini, na wakaanza kumpenda kama wanavyopenda wageni, bila kiasi. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali nyumbani kwangu, wakaimba, wakamkumbatia yeye. Kuku wangu wakamfuata. Mama Deo, ambaye tumegawana chumvi miaka na miaka, akaniambia mbele yangu, "Huyu mdogo wako ana moyo, sijui umemficha wapi siku zote."

Siku hiyo nilivumilia mpaka Mama Minza alipokwenda sokoni. Nikaamka. Nilitaka akirudi akute nimechota maji, nimejaza pipa, nimesimama pale mlangoni kama mwenye nyumba. Nikatafuta ndoo jikoni, uvunguni, bafuni, nyuma ya banda la kuku. Nikamwuliza Mama Deo kwa juu ya ukuta kama ndoo yangu iko kwake.

"Kwangu haipo. Mdogo wako kaipakia basi."

"Basi la wapi?"

"La Kasansa. Nilimwona anamkabidhi kondakta. Kasema imekwenda msibani."

Mama Minza aliporudi alinikuta nimekaa kwenye kizingiti na hasira zangu. Nikamwuliza kwa nini ndoo ya Nsemulwa ipelekwe safari ya siku nzima, na za wenzangu huwa zinawekwa nyumba ya pili.

"Wenzako hawana watu wengi wa kuwasikiliza," akasema. "Wewe ukimwagiza mtu yeyote mtaa huu, sista, ataileta. Nikaona iende mahali husikiki."

Halafu akakaa chini, akaanza kuchambua mchicha, na akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye benchi.

"Siyo mie niliyeanza mambo ya ndoo. Ni mke mwenzangu, Ngolo. Niliporudi mara ya pili nilimwambia yeye ukweli, maana ndiye aliyekuwa ananifunga kidonda. Lakini mie bado nilikuwa naamka kuchota. Mzee akawa ananisifia mbele ya watu. Mwangalieni huyu, katoka hospitali na bado anachota, nyie wazima mnajikunyata na baridi. Ngolo akachoka. Akaichukua ndoo yangu akaipeleka kwa mama yake, akasema kuna msiba. Nikamshukuru. Akaniambia, usinishukuru, sijakuhurumia hata kidogo. Nimechoka kusikia unasifiwa." Akatupa bua la mchicha. "Ndo nikapona."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nipasuliwe, na iliuma vibaya, nikaubana mto tumboni kama nilivyofundisha na kufundishwa. Vidonda vyote vile vilivyofunga, mkono wa mkubwa wa hospitali, sifa zote, vilitoka kwa mke mdogo wa Kasansa aliyeshindwa kuvumilia mwenzake anavyosifiwa. Nilijisikia nina ndugu huko. Nikamwuliza Mama Minza kama Ngolo bado ana wivu.

"Sana. Sasa hivi ananionea kwa sababu nipo kwako nakula wali wa mjini."

"Mwambie na mimi nakuonea."

"Najua, sista," akasema, akaendelea na mchicha. "Tangu benchi."

Kabla wiki hazijaisha niliitwa kwa daktari. Kizazi kilikuwa kimepimwa chote. Nilikaa kwenye kile kiti ambacho nimewakalisha wengi, na nikafahamu kwa nini huwa wanatazama mikono ya daktari na sio uso. Mabadiliko yalikuwa yameishia kwenye ukuta wa ndani. Hayakupita. Kilichotakiwa kutoka kimetoka, na hakuna cha kuongeza, ila kurudi kuangaliwa. Daktari akanipa maji, nikayashika tu. Kama ningeendelea kuogopa benchi msimu mmoja zaidi wa mvua, majibu yangekuwa mengine, na aliyasema hayo bila kunilaumu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nilipotoka nilikwenda stoo moja kwa moja. Lile benchi lilikuwa limewekewa maboksi juu. Lilikuwa halijapakwa rangi hata tone. Nikasimamia likatolewa, likafutwa vumbi, likarudi mahali pake.

Wiki zilipotimia, Mama Minza, ambaye alikuwa ameshakwenda kwake Kasansa, alirudi na basi. Alishukia stendi na ndoo yangu ya njano, akaijaza kwenye bomba la mtaa, akapita nayo kichwani mbele ya majirani wote wa Nsemulwa. Hakumwaga hata tone. Nikayaogea maji yale yote. Jioni Mama Deo aliniuliza msiba ulikuwa wa nani hasa. Nikamwambia alishapona.

Nimemaliza utumishi wangu kwa amani kiasi. Nyie mlidhani nikistaafu nitakaa nyumbani kufuga. Mmeniona kwenye benchi siku za kliniki, na baadhi yenu mmesema sista kashindwa kuiacha kazi. Kazi nimeiacha. Sasa ninakaa upande ule mwingine, na akina mama wakija nafungua kanga kidogo, wanaona kovu, kisha wananisogelea. Nawaambia yale yale niliyowaambia miaka yote. Siku hizi yanaitwa habari.

Juzi kulikuwa na mama wa mtaa wa Makanyagio anayeruhusiwa, bado kijana, mwoga, ambaye kwao wameambiwa ni kidole tumbo. Mama Minza alikuwa amemwandaa tangu mwanzo na aliahidi kuja kuchukua ndoo yake. Nikajua basi la Kasansa linaingia saa ngapi. Nikachukua bodaboda mapema, nikafika kwa yule mama, nikasalimu wakwe, nikasema tuna msiba Nsemulwa tunaomba ndoo. Nikatoka nayo. Ilikuwa ya bluu, mpini umefungwa kwa kipande cha mpira.

Nilikutana na Mama Minza kwenye kona, anateremka kutoka kwenye bodaboda yake, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi. Aliitazama ndoo. Kisha alinitazama mimi, mdomo umejivuta upande mmoja, na jicho lile nililijua mara moja, maana nimelivaa mwenyewe miaka mingi.

"Hiyo ilikuwa ya kwangu, Skola," akasema. Alisahau hata kuniita sista.

"Najua," nikamwambia, na nikaipandisha kichwani.